Kisanduku cha Mengineyo

Fomu ya maelezo ya wahanga ilikuwa na kurasa 9, na aliyeitunga ni mimi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwenye kazi za amani makosa huwa hayana mwenyewe: mradi ulichelewa, mfumo ulikataa, wafadhili walibadili masharti. Kosa hili lina mwenyewe. Ukurasa wa mwisho uliuliza, "Ungependa ufanyiwe nini?" na chini yake nilipanga visanduku vitano vya kutia alama: fidia ya fedha, matibabu, wahusika washtakiwe, kuombwa radhi, na cha mwisho, mengineyo. Mbele ya mengineyo niliweka mstari mmoja wa nukta. Ningeweza kuweka mistari sita, lakini nilitaka pabaki mahali pa kupigia muhuri.

Kuchukua maelezo ya wahanga nilijifunza nyumbani Kenya, siku za Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Tume ile ilikusanya maelezo zaidi ya 40,000, na Mei 2013 ripoti ikakabidhiwa kwa Rais. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wahanga. Mzee mmoja niliyemwandika mwaka 2011 alisikia tangazo lile redioni, akanipigia simu usiku huo huo, sauti imejaa furaha. Ikawa desturi yake kupiga kila Desemba. Hanilaumu hata kidogo, ananijulia hali, anaulizia watoto, kisha kabla ya kukata anatia lile lake: "Na zile karatasi zetu zimefikia wapi, mwanangu?" Desemba ya mwaka niliokwenda Gambia hakupiga, na mimi sikupata ujasiri wa kumpigia.

Nilifika huko mwaka 2018. Shirika la kigeni lililonituma, ambalo halina haja ya kutajwa, lilitaka mtu wa kufundisha vijana kuchukua maelezo vijijini, ili wahanga wanaoogopa ofisi za mjini wapate pa kuanzia. Nilipewa miezi 18. Si ajabu katika kazi hii. Hata Mfuko wa Ujenzi wa Amani wa Umoja wa Mataifa, uliochangia Tume ya Ukweli, Maridhiano na Fidia ya Gambia, ulikuwa na dirisha la dharura ambalo mradi wake haukuruhusiwa kuzidi miezi 18. Yahya Jammeh, rais ambaye Tume hiyo ilichunguza maovu ya utawala wake, alikuwa ametawala miaka 22.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Nitamwita Mwalimu, na wasomaji wangu wa Tanzania watanisamehe. Siku ya kwanza hakunipeleka ofisini, alinionyesha gololi. Gambia walikuwa hawapigi kura kwa karatasi: mpiga kura hupewa gololi moja, huingia faragha na kukuta mapipa ya chuma yaliyopakwa rangi za wagombea na kubandikwa picha zao, akaitumbukiza kwenye pipa la amtakaye. Ndani mna kengele. Inalia mara moja, wasimamizi wanasikia kwamba kura imeingia na kwamba ni moja tu, na chini hutandazwa mchanga ili gololi isigonge mara ya pili. Baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo siku hiyo, maana kengele zake huweza kuchanganya masikio. Nilidhani ananitania.

"Cheka," akasema, "lakini ndiyo iliyomwangusha."

Ni kweli. Tarehe 1 Desemba 2016 intaneti ilizimwa nchi nzima, watu wakatumbukiza gololi zao, na hesabu iliposahihishwa Adama Barrow, mgombea wa muungano wa upinzani, alikuwa na asilimia 43.3 dhidi ya 39.6 za Jammeh. Jammeh akakubali kushindwa kwenye televisheni, watu wakacheza barabarani. Baada ya wiki moja akabadili kauli. Marais wa jirani wakaja na kurudi, wakaja tena. Barrow akaapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar, majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, na usiku wa tarehe 21 Jammeh akapanda ndege kwenda uhamishoni Guinea ya Ikweta. Kufikia hapo watu wapatao 45,000 walikuwa wamekimbilia Senegali. Mwalimu alikuwa miongoni mwao, na wajukuu wawili, na begi la madaftari ya wanafunzi ambalo mpaka leo hajui kwa nini alilibeba.

Siku hiyo hiyo ECOWAS, Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa walitoa tamko la pamoja la kumhakikishia Jammeh usalama, heshima na haki zake, ikiwemo ya kurudi nchini baadaye, na kwamba mali zake halali hazitachukuliwa. Nimeendesha semina ngapi kuhusu matamko ya namna hiyo! Upande mmoja wa ubao unaandika "amani", upande wa pili "haki", washiriki wanagawanywa kwenye vikundi na kubishana mpaka saa ya chai. Nilipomwuliza Mwalimu yeye angesimama upande gani, alijibu bila kutafakari: "Nilikuwa nalala sakafuni kwa watu, na watoto. Ningemkubalia aondoke hata na ndege tatu." Akanyamaza kidogo. "Ila ningeandika namba zake." Tangu siku hiyo ubao wangu una safu moja tu.

Na namba, kwa kiasi fulani, ziliandikwa. Tume ya uchunguzi wa mali za Jammeh ilifuatilia akaunti, mashamba na magari, baadhi vikauzwa, na Oktoba 2019 serikali ikatoa dalasi, fedha ya Gambia, milioni 50 zilizotokana na mauzo hayo kwa ajili ya fidia ya wahanga.

Kuna jambo lilinifurahisha kama mtu wa Afrika Mashariki. Waziri wa Sheria wa kipindi kile cha mpito, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi Arusha, kwenye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jaji Mkuu mpya, Hassan Bubacar Jallow, alikuwa ndiye mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ile ile. Wagambia waliokwenda kutafuta haki ya wengine sasa walikuwa wanatafuta ya kwao. Ndiyo maana nchi ile ndogo, ambayo haijamaliza hata kuwatafuta watu wake waliopotea, ilithubutu Novemba 2019 kuishtaki Myanmar mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo. Wazungu wa ofisini kwetu walishangaa. Mimi sikushangaa sana.

Vikao vya Tume ya Ukweli vilianza Januari 2019, katika hoteli moja ya Kotu, vikirushwa moja kwa moja. Ukipanda teksi, redio iko huko. Ukikaa kwa kinyozi, simu imeegemezwa kioo, shahidi anaongea, mkasi unasimama. Nimefanya kazi katika nchi ambazo tume kama hiyo inasikilizwa na wanasheria na waandishi wa habari peke yao. Gambia mpaka watoto walijua jina la wakili kiongozi na namna yake ya kuinua miwani.

Halafu ukaja Julai. Wanajeshi wa kikosi cha mauaji kilichoitwa Junglers waliketi mbele ya kamera wakaeleza walivyowaua watu, akiwemo mhariri Deyda Hydara aliyepigwa risasi Desemba 2004, na wahamiaji kutoka nchi za Afrika Magharibi waliouawa mwaka 2005. Walieleza kwa sauti ya mtu anayesimulia safari ndefu iliyomchosha. Mwezi uliofuata baadhi yao wakaachiwa huru. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: walikuwa kizuizini zaidi ya miaka miwili bila mashtaka, na mwuaji akijua kwamba kukiri ni kufungwa, nani tena atasema mwili uko wapi? Familia za waliouawa zilipinga hadharani. Simu ya Mwalimu iliita kutwa nzima, na kila aliyepiga aliuliza swali moja kwa maneno tofauti: nikikutana naye sokoni nifanyeje? Hakuna semina niliyowahi kuendesha iliyokuwa na jibu la swali hilo. Katika mikataba tunaandika "kuishi pamoja". Kwenye kijiji chenye kisima kimoja, kuishi pamoja ni kupanga foleni nyuma ya mtu yule.

Narudi kwenye fomu.

Vijana niliowafundisha walikuwa 12, wote wana lugha mbili tatu vinywani: Kimandinka, Kiwolofu, Kifula, Kijola. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kijana anasikia kwa Kijola, anafikiri kwa Kimandinka, anaandika kwa Kiingereza, kisha mimi naisoma na kuipa namba ya kundi: 1, 2, 3, 4, 5. Kila Ijumaa jedwali lilitumwa makao makuu, na kila Jumatatu jibu lilikuwa hilo hilo: kazi nzuri, ongezeni idadi. Kuna ulevi fulani katika kuona idadi inapanda. Sijivunii, ila nilikuwa nimelewa.

Miongoni mwa walioandikwa alikuwepo bibi mmoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane, lakini kiini ni hiki. Mwaka 2009 askari wakifuatana na waganga walipita vijijini wakiwakusanya watu, wazee hasa, kwa kuwatuhumu uchawi. Walipakiwa, wakapelekwa mahali wasipopajua, wakanyweshwa dawa iliyowapagawisha, wakalazimishwa kukiri. Baadhi walikufa. Wengine walirudi na maradhi ya tumbo na figo. Jammeh mwenyewe alihusishwa na operesheni ile, na Tume baadaye ilitoa vikao vizima kuisikiliza. Bibi huyu alirudi hai. Kilichofuata ndicho kilichomwua polepole: mjukuu akiugua, majirani wanamtazama yeye, mtoto wa mwanawe akitaka kuposa, upande wa pili unauliza ukoo. Alimweleza kijana wangu yote hayo kwa saa mbili. Swali la mwisho lilipofika akasema hataki pesa. Anataka wanaolisikia jina lake wasikie pia kwamba yeye si mchawi.

Kijana alitia alama kwenye matibabu, kwa sababu ya tumbo. Kwenye mstari wa nukta aliandika neno moja: "jina".

Miezi michache baadaye tuliandaa mkutano wa kusikiliza katika kijiji kile, kwenye bantaba, baraza la kijiji chini ya mti mkubwa. Si kikao cha Tume, kilikuwa chetu sisi. Wahanga sita wangezungumza mbele ya wenzao, na imamu na mkuu wa kijiji wangekuwepo. Orodha ya hao sita niliiandaa mimi, usiku, kwa kuchuja jedwali. Nilichagua waliotaka kuombwa radhi na waliotaka mashtaka, kwa kuwa ndio niliodhani wana la kusema hadharani. Waliotia matibabu niliwapeleka kwa muuguzi.

Bibi alikuja. Alikaa safu ya pili, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi mpaka kinasimama, na wanawe wawili kushoto na kulia. Wazungumzaji wakasimama mmoja mmoja. Kila mtu alipomaliza, bibi aliweka mkono juu ya goti la mwanawe kana kwamba anataka kuinuka. Dua ikasomwa, watu wakaanza kukunja mikeka. Akanijia, Mwalimu akitafsiri.

"Jina langu hamkulisoma?"

Nilieleza habari ya muuguzi. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akakataa kutafsiri. Badala yake alimwambia maneno yake mwenyewe, ambayo sijawahi kumwuliza yalikuwa nini.

Usiku ule nilifungua jedwali na kufanya ambacho sikuwa nimekifanya tangu mradi uanze: nilisoma safu ya mengineyo peke yake, kuanzia juu hadi chini. "Jina." "Kaburi wapi." "Redio yake." "Aje mwenyewe aniambie." "Mtoto arudi shule." "Cheti cha kifo." "Cheti cha kifo." "Wasipite na gari lile tena." Hilo la cheti niliendelea kuliona ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nilikuwa nimelipa namba 5 na kulisahau. Mume akipotea mikononi mwa askari, serikali haina kumbukumbu kwamba amekufa. Mke si mjane. Shamba haligawiki, akiba ya benki haitoki, na mwanamke mwenyewe hana hakika kama anapaswa kukaa eda au kusubiri. Karatasi moja ya ofisi ya wilaya ingefungua mafundo matatu kabla hata Tume haijaandika sura ya kwanza ya ripoti. Hapakuhitajika mfadhili.

Nilitaka kuliondoa swali la mwisho kabisa. Nilimwambia Mwalimu kwamba kumwuliza mtu anataka nini ni kumwahidi, na mimi ahadi zimenishinda. Nikamsimulia habari za yule mzee wa Desemba. Alikasirika, kwa namna yake ya kuvua miwani. "Usipouliza, umekuja kuchukua tu. Uliza. Halafu mwambie papo hapo lipi huliwezi." Tuligombana siku mbili. Fomu mpya ikawa na ukurasa mtupu mahali pa visanduku, unaojazwa kwa lugha ya msemaji, maneno yake kama alivyoyatoa, na nakala anakabidhiwa ndani ya bahasha ya plastiki isiyoingia maji. Makao makuu waliandika kwamba ukurasa mtupu hauhesabiki. Nikawajibu kwamba ni kweli.

Mradi ulifungwa kwa wakati wake. Ripoti yangu ya mwisho ilisema malengo yalifikiwa kwa asilimia 100, na kwa hesabu za visanduku yalifikiwa.

Siasa ziliendelea kama zilivyo. Septemba 2020 rasimu ya katiba mpya ilianguka bungeni kwa kukosa robo tatu ya kura, na ile ya zamani ikabaki. Septemba 2021 chama cha Barrow kikaingia ushirikiano na chama alichokiacha Jammeh, na wahanga wengi wakaona wamegeukwa mchana kweupe. Novemba mwaka huo Tume ikakabidhi ripoti, Desemba Barrow akashinda tena, na Mei 2022 serikali ikatangaza kwamba kati ya mapendekezo 265 inakubali 263. Mimi nilikuwa Banjul wiki ile, kwa mkutano usiohusiana. Ukumbini watu walishangilia hiyo 263. Mwalimu hakuwa ukumbini. Alinitumia ujumbe: kama una nafasi Jumamosi, twende.

Tulikwenda kwa gari la abiria. Njiani aliniambia kwamba tangu tulipoondoka amekuwa akizunguka kaya moja moja, akisomea watu nakala zao, kwa maana wengi waliopewa bahasha hawajui kusoma. Hana mfadhili. Alisema hivyo bila kulalamika, akitafuta chenji.

Uani kwa bibi palikuwa pameshafagiliwa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia: wana, wake wa wana, wajukuu wakubwa, na majirani waliojipanga ukutani, baadhi wakiwa bado hawajaamua kama wamekuja au wanapita. Bibi mwenyewe alileta bahasha, akaifuta kwa khanga ingawa haikuwa na vumbi. Baada ya mkutano ule wa bantaba kijana wetu alirudi kwake na ukurasa mtupu, akamwandika upya. Mwalimu akavaa miwani na kuanza kusoma kwa Kimandinka, taratibu, sauti ya darasani. Nilishika maneno machache. Nilishika jina la bibi, kamili, la baba na la babu, likisomwa mara tatu mahali palipostahili. Jirani mmoja mwanamume alijitenga na ukuta, akakaa chini.

Katikati ya kusoma bibi akanyosha mkono.

Mwalimu akasimama. Wakaongea, bibi akionyesha kwa vidole upande wa barabara, mwanawe mkubwa akiongeza neno, jirani aliyekaa chini naye akitikisa kichwa kukubali.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Kijana aliandika lori. Halikuwa lori, lilikuwa basi, na yeye alikaa dirishani." Akanyosha kiganja kwangu bila kunitazama. "Nipe kalamu."